Kiwanja Chako, Luku Yako: Umbo la Mji na Matumizi ya Nishati

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Mji umetanuka kufuata barabara kuu, hadi Bunju, Kibamba, Chanika na kwingineko. Anayenunua kiwanja huko huuliza bei, hati na maji. Ni nadra kuuliza kwenda kazini, sokoni na shuleni kutamgharimu mafuta kiasi gani kila siku.

Mji uliosambaa hula nishati nyingi hata wenyeji wake wakijibana. Umeme hupotea kidogo kidogo kwenye nyaya ndefu, na maji yanahitaji pampu kuyasukuma mbali zaidi. Usafiri ndio mzigo mkubwa. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yanategemea watu wengi wanaoishi jirani na vituo. Penye nyumba mojamoja basi halijai, na lisilojaa haliji. Hapo watu hubaki na bodaboda au gari la mtu mmoja.

Hata hivyo, kubanana ovyo si dawa. Nyumba zikigusana bila miti wala njia ya upepo, kuta hubaki na joto la mchana hadi usiku, feni zikazunguka mpaka alfajiri. Tazama Mji Mkongwe wa Unguja: nyumba zimekaribiana, lakini kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba nyumba hutiliana kivuli, na nyingi zina ua wa ndani unaopitisha hewa. Sisi leo tunasimamisha ghorofa za vioo zinazotazama magharibi, kisha tunawasha viyoyozi kutwa. Ni hasara ya kujitakia.

Kwetu, karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia dirishani. Kwa hiyo pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi upate baraza au mwarobaini.

Kabla ya kulipia kiwanja, tembea kwa miguu kutoka hapo hadi kituo cha basi, soko na shule ya msingi. Kabla fundi hajachimba msingi, mwonyeshe jua linakozama. Na serikali ya mtaa ikiitisha mkutano kuhusu mipango miji, nenda ukaulize njia za waenda kwa miguu na miti vimetengewa nafasi wapi.