Kifaa Kilicholala Huamshwa na Nani? Somo fupi la ishara za kuamsha katika kerneli



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, katika Suratur-Ruum aya ya 23, Allah anautaja usingizi wetu wa usiku na wa mchana kuwa ni miongoni mwa ishara Zake kwa watu wanaosikia. Leo nataka tuutazame usingizi mwingine, mdogo mno mbele ya huo: usingizi wa kompyuta. Wengi wetu tumeshaonja adha yake. Unafunga kompyuta mpakato ikiwa na chaji ya kutosha, unaitia begini, na ukiifungua darasani unaikuta ya moto na betri imekwisha. Kwa anayeishi hosteli ambako umeme hukatika, hilo si jambo dogo. Huenda ndiyo siku ya kuwasilisha kazi. Mara nyingi chanzo ni kifaa fulani kilichoiamsha kompyuta ikiwa ndani ya begi. Tujifunze jinsi hilo linavyotokea, na nitatumia kerneli ya Linux kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya simu za Android na seva nyingi, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma.

1. Kulala maana yake nini?

Mfumo unapolala usingizi mzito, prosesa husimama na sehemu nyingi hukatiwa umeme. Kumbukumbu huachiwa umeme kidogo ili isisahau ilichobeba. Hapo hakuna programu inayokwenda, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kujiamsha yenyewe. Lazima ishara itoke kwenye maunzi: waya ubadilike volteji, na sehemu ndogo ya chipu iliyobaki macho iione. Hata kengele ya simu inayotuamsha kwa Alfajiri hupita njia hiyo. Saa ndogo isiyolala hutoa ishara, prosesa huamka, ndipo programu ya adhana ipate nafasi ya kulia.

2. Waya wa pembeni

Katika bodi ndogo na simu nyingi, chipu ya Wi-Fi huunganishwa na prosesa kwa njia iitwayo SDIO. Mfumo ukiwa macho, data na ishara za kuomba huduma zaweza kupita humo humo. Lakini mfumo ukilala, njia hiyo yaweza kuzimwa. Chipu ikipiga hodi hapo, ni sawa na kubisha mlango wa nyumba isiyo na watu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka waya wa pembeni unaotoka kwenye chipu ya Wi-Fi hadi kwenye pini ya prosesa iliyo upande usiolala. Bluetooth mara nyingi huwa na nyaya mbili za namna hii: mmoja chipu humwamshia prosesa, na mwingine prosesa huiamshia chipu.

Je, chipu ya Wi-Fi inajuaje wakati wa kuamsha? Hubaki imeungana na mtandao na kukagua pakiti zinazoingia. Mfano maarufu ni pakiti ya kuamshia: baiti 6 zenye thamani FF, kisha anwani ya kifaa ya baiti 6 ikirudiwa mara 16. Jumla yake ni baiti 102. Chipu ikiuona mpangilio huo, hubadilisha volteji ya ule waya.

3. Kumweleza kerneli

Kerneli haiwezi kuuona waya kwa macho. Katika kompyuta za kawaida, huelezwa na majedwali ya ACPI yaliyoandikwa na mtengenezaji. Katika bodi nyingi za ARM, mtu huandika faili liitwalo mti wa vifaa. Kipande chake cha Wi-Fi chaweza kuwa hivi:

```
wifi@1 {
    reg = <1>;
    compatible = "brcm,bcm4329-fmac";
    interrupt-parent = <&gpio>;
    interrupts = <24 8>;
    interrupt-names = "host-wake";
};
```

Tuusome mstari wa tano. Namba 24 ni pini. Namba 8 inasema ishara ipo muda wote volteji ikiwa chini. Ingekuwa 4, ishara ingekuwa volteji ikiwa juu. 2 ni pale inaposhuka, na 1 ni pale inapopanda. Vifaa vingi huongezewa pia neno `wakeup-source`, yaani kifaa hiki kinaweza kuamsha mfumo.

Sasa chukulia waya hukaa juu ukiwa umetulia, na mwandishi ameweka 4 badala ya 8. Kerneli itadhani inaitwa kila wakati, na mfumo hautapata usingizi. Akikosea pini, mfumo utalala wala Wi-Fi haitauamsha. Tarakimu moja tu, na betri ya mtu wa mbali inaliwa bila yeye kujua sababu.

Hapa mimi hukumbuka kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika lundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Kueleza kitu kama kilivyo ni amana. Kanuni ya mti wa vifaa nayo ni hiyo: andika maunzi yalivyo, si vile unavyotamani yawe.

4. Uwezo si ruhusa

Kifaa kuwa na uwezo wa kuamsha hakumaanishi kimeruhusiwa. Uwezo huelezwa na maunzi. Ruhusa hutolewa na mwenye mashine. Kwa kila kifaa chenye uwezo huo, Linux huweka faili dogo, `power/wakeup`, lenye neno `enabled` au `disabled`. Mfumo unapokwenda kulala, draiva huangalia ruhusa hiyo. Ikiwepo, huiomba kerneli iuache waya wa kifaa hicho ukisikilizwa.

5. Ishara inayofika mlangoni

Kuna mtego mmoja. Ishara ikifika wakati mfumo ndio unafumba macho, yaweza kupotea, na ujumbe ukasubiri kwa saa nyingi. Mwaka 2010 Rafael Wysocki aliingiza dawa yake katika Linux 2.6.36: kerneli huhesabu matukio ya kuamsha. Programu inayotaka kulaza mfumo husoma hesabu katika `/sys/power/wakeup_count`, kisha huiandika ileile. Ikiwa hesabu imeshabadilika, kerneli hukataa maandishi hayo, na programu hujua kuwa si wakati wa kulala. Tukio likiingia baada ya hapo, safari ya kulala hukatizwa.

Zoezi la wiki

Mwenye Linux ajaribu haya:

1. Soma `/sys/power/mem_sleep`. Neno lililo kwenye mabano ndilo aina ya usingizi inayotumika. `s2idle` ni usingizi mwepesi, `deep` ni mzito.
2. Andika `grep . /sys/bus/usb/devices/*/power/wakeup` uone ni vifaa gani vya USB vimeruhusiwa kuamsha.
3. Andika `iw phy phy0 wowlan show` uone kama Wi-Fi yako imeruhusiwa.
4. Ukimkuta mshukiwa, mwandikie `disabled` ukiwa na mamlaka ya msimamizi, laza kompyuta usiku mmoja, kisha linganisha chaji.

Ndugu zangu, mashine hizi tunazitumia kutwa, na tukiishia kuzitumia tu, wengine ndio watakaoamua betri zetu ziliwe na nini. Msimbo uko wazi. Anayeweza kuusoma anaweza pia kurekebisha tarakimu iliyokosewa, na nafuu yake ikawafikia watu asiowajua. Elimu ya namna hiyo, nia ikiwa safi, tunatarajia malipo yake kwa Allah.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiiq.