Somo la Kiingereza: "Leave" na "Notice"



Leo tunajifunza maneno mawili yanayopatikana katika mikataba na barua za ofisini. Ni maneno mafupi, lakini kila moja lina maana kadhaa, na kuzichanganya kwaweza kumpotezea mtu kazi.

LEAVE

1. Kuondoka. I leave work at five: Ninatoka kazini saa kumi na moja.
2. Kuacha kitu mahali. Leave the hoe in the store: Jembe liache stoo.
3. Likizo, yaani livu. Annual leave ni likizo ya mwaka. Sick leave ni ya ugonjwa. Maternity leave ni ya uzazi.

Sasa angalia sana:
I want leave: Nataka livu.
I want to leave: Nataka kuondoka.

Tofauti ni kijineno "to" tu. Mwenye kutaka livu akiandika sentensi ya pili, mwajiri aweza kudai kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Tena, "leave" peke yake haisemi kama utalipwa. Tafuta maneno yanayofuata: with pay ni kwa malipo, without pay ni bila malipo.

NOTICE

1. Tangazo. Read the notice on the board: Soma tangazo lililo ubaoni.
2. Kuona, kutambua. Did you notice the broken guard? Je, uliona kinga ya mashine iliyovunjika?
3. Notisi ya kumaliza kazi. Give notice ni kutoa notisi. Anayeitoa aweza kuwa mwajiri au mfanyakazi. Pay in lieu of notice ni malipo badala ya notisi: unaondoka leo, lakini unalipwa siku zote za notisi.

SHERIA INASEMAJE?

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Asipoielewa, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa mdomo katika lugha anayoifahamu. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yataka notisi iandikwe katika lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa.

Basi, ukipewa karatasi usiyoielewa, usione haya. Omba uelezwe, na umwite mwakilishi wa chama kabla ya kutia sahihi au dole gumba.

ZOEZI

Tafsiri kwa Kiswahili ("left" ni "leave" ya wakati uliopita):
(a) She is on leave until Monday.
(b) I did not notice the notice.
(c) He left without notice.

Majibu: (a) Yuko livu hadi Jumatatu. (b) Sikuliona tangazo. (c) Aliacha kazi bila kutoa notisi.

Msomee na mwenzako asiyejua kusoma.