Nembo ya Programu Huria: Mfano wa Firefox na Debian

Nembo, kwa maana yake ya awali, ni chale iliyochanjwa mwilini ili mtu atambulikane ni wa jamii gani. Maana hiyo yafaa kukumbukwa na anayebuni nembo ya programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Je, kitu ambacho kila mtu anaruhusiwa kukigeuza kitatambulikana kwa alama gani, na alama hiyo itakuwa mali ya nani?

Kivinjari cha Firefox, kazi ya shirika la Mozilla, ni mfano mzuri. Kiliitwa Phoenix, kisha Firebird, na mwaka 2004 kikapata jina lililodumu. Wazo la nembo lilikuwa la Daniel Burka, Stephen Desroches akachora rasimu, naye Jon Hicks, msanifu wa Uingereza, akaikamilisha: mbweha mwenye mkia wa moto aliyeuzingira mpira wa dunia. (Jina lenyewe ni la panda mwekundu, kumchora mbweha kulikuwa uamuzi wa busara, kwani wangapi wangemtambua panda huyo?) Ubora wa nembo hii hautokani na wingi wa mapambo. Katika nafasi ya pikseli 16 kwa 16, manyoya hayaonekani tena; hubaki umbo la duara na rangi mbili zinazopingana, ya machungwa na buluu. Mbunifu asiyeijaribu kazi yake katika udogo huo amechora picha tu, hajabuni nembo.

Suala zito zaidi lilikuwa la kisheria. Msimbo wa Firefox ulikuwa huria, ilhali nembo yake ililindwa kama alama ya biashara. Mradi wa Debian, wenye masharti makali kuhusu uhuria, uliisambaza programu hiyo bila nembo rasmi. Mwaka 2006 Mozilla ilishikilia kwamba jina na nembo havitenganishwi, na kwamba marekebisho ya Debian sharti yaidhinishwe. Debian ikabadilisha jina likawa Iceweasel. Jina la Firefox halikurejea humo hadi mwaka 2016. Hata hivyo, Mozilla ilikuwa na hoja: mtu akiiharibu programu kisha akaibandika nembo ileile, mtumiaji hahadaiki?

Debian yenyewe ilikwisha kulitambua tatizo hilo. Mzingo wake mwekundu, uliobuniwa na Raul Silva mwaka 1999, una sura mbili: wenyewe peke yake, ambao umma waruhusiwa kuutumia, na ule unaotoka chupani, uliotengewa shughuli rasmi za mradi.