Tunaponakili Maandishi ya Mgonjwa

Mwezi huu tunazungumzia kazi ambayo wengi hawaioni, nayo ni kunakili maandishi ya daktari. Katika hospitali kubwa yupo karani anayesikiliza sauti ya daktari iliyorekodiwa na kuipiga chapa. Siku hizi kompyuta nayo huifanya kazi hiyo, lakini lazima mtu aisahihishe. Katika zahanati, muuguzi hunakili kutoka daftari la mgonjwa kwenda katika rejista au barua ya rufaa. Na nyumbani, daftari likiloa mvua, humwagiza mtoto wa darasa la saba alinakili katika jipya. Kazi ni ile ile, na hatari zake ni zile zile.

Tazama sentensi hizi mbili: "Ana mzio wa penisilini." "Hana mzio wa penisilini." Tofauti ni herufi moja tu. Lakini mwenye mzio, yaani aleji, akichomwa sindano ya penisilini anaweza kufa katika muda wa dakika chache.

Hesabu nazo zina mitego. Mtu akiandika .5 na nukta ikafifia, msomaji ataona 5, na mgonjwa atapewa dozi mara kumi. Kwa hiyo huandikwa 0.5. Kinyume chake, 5.0 husomeka 50 kwa urahisi. Andika 5, inatosha. Mg na mcg pia si kitu kimoja: miligramu 1 ni sawa na maikrogramu 1000. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali huko Marekani, kilitoa orodha ya vifupisho visivyofaa kutumika. Mojawapo ni herufi U, iliyotumika kwa vipimo vya insulini, kwa kuwa ilisomwa kama sifuri: 4U ikageuka 40.

Sisi Waswahili tunao mtego wetu wa pekee: saa. Daktari akiandika 8 kwa saa za Kizungu, nasi tukanakili "saa 8", dawa ya asubuhi italiwa mchana. Andika "saa 2 asubuhi". Vivyo hivyo 2x3 kwenye bahasha ya dawa maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Ukigeuza ikawa 3x2, jumla ni ile ile sita, lakini mgonjwa atameza vingi kwa mara moja na kukaa muda mrefu bila dawa.

Majina ya dawa nayo hufanana. Hidralazini ni ya shinikizo la damu, hidroksizini ni ya mwasho. Usipoweza kulisoma neno, usibuni. Karani aliyefunzwa vizuri huacha nafasi wazi, huweka alama, kisha humwuliza daktari. Afadhali pengo linaloonekana kuliko neno la kubahatisha, maana la kubahatisha hakuna atakayelitilia shaka.

Na majina ya watu! Katika kigango kimoja utawakuta akina Maria Yohana wanne. Andika majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na kijiji.

Mkimaliza kunakili, mmoja asome daftari la zamani kwa sauti, na mwingine afuatilie kwa kidole katika jipya. La zamani lisitupwe wala kufungiwa maandazi. Siku ya kliniki pelekeni yote mawili, muuguzi ayalinganishe.