Nguvu kwa Magurudumu Yote Manne: Manufaa na Mipaka Yake katika Udereva wa Majira ya Baridi

Utangulizi

Nchini Kanada, katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika nchi za Skandinavia, majira ya baridi hubadilisha hali ya barabara kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na katika kipindi hicho dereva hukutana na theluji laini, theluji iliyoshindiliwa na magari yaliyotangulia, theluji iliyoyeyuka nusu, pamoja na barafu. Kwa mujibu wa takwimu za mamlaka ya barabara kuu ya Marekani, ajali zinazotokea kwenye barabara zenye theluji au barafu huua zaidi ya watu 1,300 nchini humo kila mwaka.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi na kufanya kazi Minnesota, Ohio, Ontario, Quebec, Sweden au Norway huzitumia barabara hizo hizo, na wengi wao walijifunza udereva katika nchi ambako gari la foo-wili, yaani lenye nguvu kwa magurudumu yote manne, huthaminiwa kwa sababu ya matope ya masika na barabara mbovu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini theluji na barafu zina kanuni zake, na dereva anayezichukulia kama matope hujiweka hatarini. Kijitabu hiki kinaeleza mambo ambayo mfumo wa foo-wili huyafanya vizuri, mambo usiyoyaweza kabisa, na hatua ambazo mwenye gari anapaswa kuchukua kabla theluji ya kwanza haijaanguka.

1. Mfumo wenyewe na aina zake

Katika gari la kawaida, nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu mawili tu, yaani ya mbele au ya nyuma, na yale mawili yanayobaki huburutwa au husukumwa bila kuchangia mwendo. Katika gari la foo-wili, nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote manne, na tofauti kati ya aina moja na nyingine iko katika namna na wakati ambapo mgawanyo huo hufanyika.

Aina ya kwanza, inayopatikana katika pikapu na magari mengi ya kazi ngumu, humtaka dereva mwenyewe aunganishe ekseli ya mbele na ya nyuma kwa kusogeza wenzo wa pili wa gia au kubonyeza kitufe. Kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia yenye urefu sawa gari linapokata kona, ilhali mfumo huu huyalazimisha kuzunguka kwa mwendo mmoja, haupaswi kutumiwa kwenye lami kavu, kwa maana hukaza mitambo na kuiharibu.

Aina ya pili hufanya kazi wakati wote, na katikati yake kuna difu, yaani kifaa chenye gia kinachoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa mwendo tofauti huku zote zikipokea nguvu. Mfumo wa namna hii ndio uliopata umaarufu mkubwa katika magari madogo baada ya Audi kuonyesha gari lake la quattro mjini Geneva mwaka 1980.

Aina ya tatu, ambayo sasa imeenea zaidi katika magari ya familia, huendesha magurudumu mawili kwa muda mwingi na kuyashirikisha mengine kwa klachi inayoongozwa na kompyuta pindi vihisio vinapogundua kwamba gurudumu limeanza kuteleza au linakaribia kuteleza. Aidha, yapo magari ya umeme yenye mota mbili, moja kwa kila ekseli, ambayo hayahitaji shafti ya kuunganisha mbele na nyuma.

2. Msuguano ndio chanzo cha yote

Gari huondoka, hukata kona na husimama kwa sababu moja tu, nayo ni msuguano kati ya tairi na barabara. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kigawo cha msuguano, yaani namba inayoonyesha ni sehemu gani ya uzito uliolalia tairi inaweza kugeuzwa kuwa kani ya kusukuma, kuzuia au kugeuza gari. Kwenye lami kavu kigawo hicho huwa karibu na 0.7, kwenye theluji iliyoshindiliwa hushuka hadi karibu na 0.2, na kwenye barafu huwa 0.1 au chini yake. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0 za selisiasi huteleza zaidi kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kuwa juu yake huwapo utando mwembamba wa maji.

Hapa ndipo matope na barafu vinapotofautiana. Katika matope, mara nyingi ipo ardhi ngumu chini, na tairi lenye meno makubwa linaweza kuchimba hadi kuifikia, kwa hiyo dereva mwenye nguvu kwa magurudumu manne hufaidika kwa kuendelea kusukuma. Juu ya barafu hakuna cha kuchimba, na nguvu yoyote inayozidi kiasi kidogo kinachoruhusiwa na msuguano huishia katika kuzungusha gurudumu mahali pamoja.

3. Manufaa yanayothibitika

Manufaa makubwa ya mfumo huu ni katika kuondoka na kupanda mlima. Lichukuliwe gari la kilo 1,500 lenye asilimia 60 ya uzito wake juu ya magurudumu ya mbele, likiwa kwenye theluji yenye kigawo cha 0.2. Likiendeshwa kwa magurudumu ya mbele pekee, ni kilo 900 tu zinazosaidia kusukuma, na gari hilo linaweza kupanda mwinuko usiozidi asilimia 12 hivi, yaani kupanda mita 12 kwa kila mita 100 za usawa. Na kwa kuwa mlimani uzito huhamia nyuma, uwezo halisi huwa mdogo zaidi. Likiendeshwa kwa magurudumu yote manne, uzito wote wa kilo 1,500 hutumika, na mwinuko unaowezekana hukaribia asilimia 20. Kwa mtu ambaye nyumba yake iko juu ya kilima, au ambaye hutoka kazini usiku kabla ya magari ya kusafisha theluji kupita, tofauti hiyo ni kubwa.

Manufaa mengine ni kwamba gari hutoka kwa urahisi katika maegesho yaliyojaa theluji, huingia katika barabara kuu bila kuserereka, na hutulia zaidi dereva anapoongeza mwendo taratibu mahali ambapo upande mmoja wa barabara una barafu na mwingine hauna. Katika mteremko, dereva anapopunguza mafuta na kuiacha injini izuie mwendo, kizuizi hicho hugawanyika kwa magurudumu manne badala ya mawili, jambo linalopunguza uwezekano wa ekseli moja kuteleza peke yake.

4. Mipaka isiyoweza kuvukwa

Mpaka wa kwanza na ulio mkubwa kuliko yote ni kusimama. Breki za kila gari, liwe la foo-wili au la kawaida, hufanya kazi kwenye magurudumu yote manne, na kwa hiyo magari mawili yenye matairi sawa na mwendo sawa husimama katika umbali unaokaribiana, bila kujali ni magurudumu mangapi yanayopokea nguvu ya injini. Uzito hausaidii pia, kwa sababu gari zito lina msuguano mwingi zaidi lakini lina mwendo mzito zaidi wa kuzuiwa. Kwa vigawo vilivyotajwa, umbali wa kusimama baada ya breki kushika, bila kuhesabu muda wa dereva kuona na kukanyaga, ni kama ifuatavyo:

- Kwa kilomita 50 kwa saa: mita 14 hivi kwenye lami kavu, mita 49 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na mita 98 kwenye barafu.
- Kwa kilomita 80 kwa saa: mita 36 hivi kwenye lami kavu, mita 126 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na mita 252 kwenye barafu.

Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huwa amekwisha kusafiri mita 33 nyingine kabla gari halijaanza kupunguza mwendo.

Mpaka wa pili ni kona. Katika kona ya barabara yenye nusu kipenyo cha mita 50, gari linaweza kupita kwa kilomita 67 hivi kwa saa kwenye lami kavu, lakini kwenye theluji iliyoshindiliwa kikomo hushuka hadi kilomita 36, na kwenye barafu hadi kilomita 25. Kinachoshikilia gari lisitoke nje ya kona ni mshiko wa matairi kwa upande, na kugawanya nguvu ya injini hakuongezi mshiko huo hata kidogo.

Mpaka wa tatu hauonekani kwa urahisi, na huenda ndio wenye madhara zaidi. Katika gari la kawaida, gurudumu linalozunguka bure wakati wa kuondoka humwonya dereva kwamba barabara inateleza, naye huanza safari kwa tahadhari. Gari la foo-wili huondoka kwa utulivu kana kwamba barabara ni kavu, hivyo onyo hilo hupotea, na dereva huongeza mwendo hadi ule ambao breki zake haziwezi kuudhibiti, akija kuutambua utelezi kwenye makutano ya barabara au nyuma ya gari lililosimama.

Inafaa kuongeza kwamba utulivu ambao wengi huuhusisha na foo-wili mara nyingi hutoka katika mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti, unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuserereka kwa upande. Mfumo huo ni wa lazima katika magari mapya madogo nchini Marekani tangu yale ya modeli ya 2012, yakiwemo ya magurudumu mawili, lakini nao hauwezi kuunda msuguano ambao haupo.

5. Matairi ndiyo yanayoamua

Tairi la majira ya baridi lilitengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Finland mwaka 1934, na kiwanda ambacho leo kinajulikana kwa jina la Nokian Tyres, miongo kadhaa kabla ya foo-wili kuwa jambo la kawaida katika magari madogo. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, ilhali mpira wa tairi la baridi hubaki laini, na uso wake una mikato mingi myembamba inayouma theluji na kuondoa utando wa maji juu ya barafu.

Mnunuzi aangalie ubavuni mwa tairi. Herufi M+S humaanisha kwamba mtengenezaji amelipa umbo la kufaa matope na theluji, bila kipimo maalumu cha uwezo wake. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake humaanisha kwamba tairi limepita kipimo cha mshiko kwenye theluji. Gari la magurudumu mawili lenye matairi manne mazuri ya baridi husimama na kukata kona vizuri zaidi kuliko gari la foo-wili lenye matairi ya kiangazi au matairi yaliyochakaa. Mwenye uwezo wa kupata vyote viwili na avipate. Mwenye uwezo wa kimoja tu na aanze na matairi.

6. Sheria zinasemaje

Sheria za mahali pengi zimejengwa juu ya ukweli huo, kwamba matairi ndiyo yanayoamua. Quebec huyataka magari yaliyosajiliwa humo yawe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na foo-wili haimwondolei mtu wajibu huo. Sweden hutaka matairi hayo kati ya 1 Desemba na 31 Machi hali ya barabara inapokuwa ya baridi, yakiwa na mifereji yenye kina kisichopungua milimita 3. Ujerumani, tangu 1 Oktoba 2024, huhesabu kuwa ya baridi matairi yale tu yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Huko California, katika ngazi ya pili ya udhibiti wa minyororo inayofungwa kwenye matairi, gari la foo-wili husamehewa kufunga minyororo iwapo tu lina matairi ya theluji kwa magurudumu yote manne, na katika ngazi ya tatu hakuna gari linalosamehewa.

7. Utunzaji

Mfumo wa foo-wili huhitaji matairi manne ya ukubwa mmoja na uchakavu unaokaribiana, kwa kuwa tairi jipya lina mzingo mkubwa kuliko lililolika, na tofauti hiyo huilazimisha difu au klachi ya katikati kufanya kazi bila kupumzika hadi iharibike. Kwa sababu hiyo, matairi hubadilishwa yote manne pamoja, na gari likiharibika njiani linafaa kubebwa juu ya lori badala ya kuvutwa huku magurudumu mawili yakigusa chini, isipokuwa kitabu cha gari kiruhusu vinginevyo. Mafuta ya difu nayo yabadilishwe kwa wakati uliopangwa.

8. Mambo ya kuzingatia kabla na wakati wa safari

- Upepo wa matairi upimwe mara kwa mara kabla hayajapata joto la safari, kwa maana hupungua halijoto inaposhuka.
- Theluji iondolewe kwenye vioo vyote, taa na paa.
- Mahali salama pasipo na magari, breki zijaribiwe kwa mwendo mdogo ili dereva ajue barabara inavyoteleza.
- Umbali kutoka gari la mbele uongezwe mara kadhaa kuliko wa kiangazi.
- Mwendo upunguzwe kabla ya kuingia katika kona, si ndani yake.
- Madaraja yapitwe kwa uangalifu, kwa kuwa huganda mapema kuliko barabara nyingine.
- Koleo, blanketi, tochi na minyororo viwemo garini katika safari za milimani.

Hitimisho

Nguvu kwa magurudumu yote manne ni msaada wa kweli kwa mtu anayelazimika kusafiri katika theluji, lakini msaada huo unahusu kuondoka na kupanda, wakati ajali nyingi hutokana na kushindwa kusimama au kukata kona. Kila mwenye gari anahimizwa kutenga fedha za matairi ya baridi kabla ya Novemba, kupanga muda wa safari unaoruhusu mwendo mdogo, na kumfundisha kila mtu wa familia anayeendesha gari hilo kwamba umbali wa kusimama haupungui kwa sababu ya foo-wili. Na hali ikiwa mbaya kiasi cha mamlaka kuwataka watu wabaki majumbani, safari na iahirishwe.