Shamba Kwanza, Kisha Nyumba

JUMANNE

Mume na mke wamekaa nyumba ya kupanga kwa miaka sita. Kidogo kidogo wameweka akiba, na sasa inatosha kununua kiwanja na kuanza msingi. Mwezi huo huo mume, ambaye ni mwalimu, anasikia kwamba karakana ya useremala inauzwa pamoja na mashine zake. Kwa muda mrefu ametamani kuacha chaki na kushika randa. Fedha ni moja, mahitaji ni mawili. Mke anaogopa kodi isiyokwisha. Mume anaogopa kwamba nafasi hii haitarudi. Wote wawili wameomba, na kila mmoja ameinuka na jibu lake.

Soma Mithali 24:27. Mwenye hekima anatanguliza nini kati ya kazi na nyumba? Kwa nini?

Katika Israeli ya kale, shamba ndilo lililolisha nyumba. Aliyejenga kabla ya kulima alikuwa na paa, lakini hakuwa na chakula chini yake. Fungu hili halikatazi kujenga. Linauliza ni kitu gani kitakachoitegemeza nyumba ikiisha kujengwa. Swali hilo linawapasa wote wawili. Karakana italeta kiasi gani katika miezi ya kwanza, kabla wateja hawajaizoea? Na akiba ikiishia kwenye msingi, kuta zitapandishwa kwa fedha gani? Yesu alipofundisha juu ya gharama ya kumfuata, alitumia mfano wa mjenzi wa mnara (Luka 14:28–30). Kuketi na kupiga hesabu si kukosa imani.

Soma Yeremia 32:6–15. Yeremia alichukua hatua gani aliponunua shamba?

Yerusalemu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Kwa hesabu ya kibinadamu, kununua shamba la Anathothi kulikuwa kutupa fedha. Lakini Yeremia alikuwa na neno la Bwana. Hata hivyo hakuacha utaratibu: alipima shekeli 17 za fedha katika mizani, akaandika hati na kuitia muhuri, akaita mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo zipate kudumu. Aliyemwamini Mungu kwa habari ya kesho hakudharau maandishi ya leo. Kulipia kiwanja bila mashahidi, bila kuuliza majirani wala ofisi ya ardhi, ni uzembe, hata ukiitwa imani.

Yapo pia mambo yasiyowekwa kwenye mizani. Kazi itakayomnyima mtu Sabato, au ujenzi utakaomeza zaka, haihitaji hesabu ndefu (Mathayo 6:33).

Huenda mwalimu yule akaanza useremala jioni na wakati wa likizo, kabla ya kuacha mshahara. Paulo naye alishona mahema huku akihubiri (Matendo 18:1–4). Huenda kiwanja kikanunuliwa sasa, na msingi ukangoja. Lakini kabla ya kuamua, kila mmoja anahitaji kuisikiliza hofu ya mwenzake, maana nyumba ni yao wote wawili.

Ni uamuzi gani ulio mbele yako sasa? Ni sehemu gani yake inayohitaji hesabu, na ni sehemu gani ambayo Mungu ameshaisemea wazi?