Kabla Hujakabidhi Asaimenti

Kudesa hakukuanza na ChatGPT. Wapo waliolipa watu wawaandikie tasnifu miaka mingi kabla programu hiyo haijatolewa Novemba 2022. Siku hizi haihitajiki hata hela: simu yenye bando inatosha, usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Elewa kwanza kwamba akili mnemba haiandiki kwa kufungua vitabu maktabani. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, ikajua neno gani huelekea kufuata lipi, na hivyo ndivyo inavyounga sentensi. Ukiiomba marejeo, yaweza kukupa mwandishi, mwaka, jarida na kurasa za makala ambayo haijapata kuandikwa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walinukuu hukumu hewa za namna hiyo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao.

Kwetu sisi, linalouma zaidi ni madodoso. Mwanafunzi hakwenda uwandani, akaiagiza mashine ijaze majibu ya akina mama wa kliniki. Amewasemea wasiyosema, na atakayeisoma tasnifu hiyo akitafuta namna ya kuwasaidia atapotoka. Hilo tunalihesabu kuwa zito kuliko aya kumi za kukopi.

Wahadhiri nao tunawasihi: asilimia inayotolewa na programu ya kugundua maandishi ya mashine isiwe hukumu. OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba kwa insha za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Wanafunzi wetu wako katika hatari hiyohiyo. Mwite mhusika, mwulize alifikaje kwenye hoja yake.

Nawe mwanafunzi, tunza rasimu zote, notisi za vitabu ulivyosoma na daftari la uwandani. Mwulize mhadhiri wa kila somo anaruhusu nini, maana hawalingani. Akikuruhusu, taja wazi: programu gani, sura ipi, kwa kazi gani. Muda ukikubana, omba siku za nyongeza kabla tarehe haijapita.